Siku Marehemu Kasanda Alipoagiza Pesa

Saa tatu asubuhi, siku mbili baada ya kufariki dunia, Mzee Maganga Kasanda aliiagiza benki impe mtani wake bei ya ng'ombe watatu.

Mimi nilikuwa mezani pangu, chai mkono mmoja, muhogo wa kuchoma mkono wa pili. Msikizi, mashine ya benki yetu, aliniita kwa ile sauti yake ya upole ambayo haijawahi kupaliwa.

"Afisa Mwanadamu, marehemu ametoa agizo."

Hicho ndicho cheo changu, wala sikujipa mwenyewe. Sheria inataka kila tawi la benki liwe na mtu mmoja wa damu na nyama, mwenye ufunguo wa kutengua uamuzi wa mashine, na waliotunga sheria hawakujisumbua kumtafutia jina zuri. Jina langu ni Kalunde, lakini hapa Sikonge hakuna anayelikumbuka tena. Nikipita sokoni naulizwa, "Afisa Mwanadamu, leo uanadamu umeamkaje?" Najibu umeamka salama, nanunua nyanya, naondoka. Mama yangu huwaambia majirani kwamba mimi ni meneja.

"Marehemu yupi?" nikauliza.

"Maganga Kasanda, mfuga nyuki. Kifo chake kimesajiliwa juzi. Sauti ni yake, au inakaribia sana kuwa yake. Imetamka agizo kwenye ushanga wa mke wake, Nyamizi. Nimeifunga akaunti yao."

Niliweka chai chini maana ingenimwagikia. Nilicheka peke yangu ofisini, nikajipangusa machozi, nikacheka tena.

"Msikizi, huo ni msiba wa Mnyamwezi. Hapo lazima yupo Mgogo."

"Sijui makabila ya watu. Nimekatazwa kuyajua."

"Basi mimi nayajua. Huyo ni mtani. Kavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anamgombeza mjane kwa sauti ya marehemu kwamba uji hauna sukari. Wafiwa wanalia, yeye anawachekesha, na hatoki hapo mpaka apewe chochote. Ndiyo kazi ya mtani kwenye msiba tangu enzi za misafara."

"Kwa hiyo si wizi."

"Ni wizi wenye adabu," nikamwambia.

Mwenye ushanga mkononi hahitaji kadi wala namba ya siri. Anasema, benki inasikia. Inasikia sauti ni ya nani, na inasikia pia kilicho chini ya sauti: kama mtu amelewa, kama ametishwa, kama kuna panga shingoni. Tangu ushanga uje, wajukuu wa kuwaibia bibi zao wamepungua sana, na hilo siwezi kulibeza hata kidogo. Akina Kasanda walikuwa na akaunti ya kauli mbili. Pesa za asali na hati ya msitu waliokodi vilikaa humo, na havikutoka mpaka mmoja atamke na mwenzake aseme "nakubali". Miaka yote alitamka mzee, mama akaitikia. Sasa mmoja amekufa, kauli inabaki kwa aliye hai, peke yake, kuanzia siku ya maziko.

Nilivua ufunguo shingoni. "Haya, natengua."

"Una haki hiyo," alisema Msikizi. "Kabla hujatengua, nina neno moja la kukupa."

Hapo nikaacha kucheka. Ushanga huhifadhi dakika chache za mwisho kabla ya kila agizo, lakini maneno yenyewe hayatolewi kwa mtu yeyote mpaka mwenye ushanga aruhusu. Msikizi anaruhusiwa kuniambia neno moja tu kuhusu alichokisikia.

"Neno lenyewe ni hofu," alisema. "Ya mjane, si ya mtani."

"Mjane hana hofu, ana huzuni. Umechanganya."

"Huzuni ipo pia. Nimeruhusiwa neno moja, nimechagua hofu."

Nilikasirika, nakiri. Mashine inanifundisha mimi msiba wa kwetu! Nikawa nimeshaingiza ufunguo kwenye tundu lake pale simu ilipoita. Alikuwa Mihayo, mdogo wake marehemu, mtu mwenye sauti nzuri kama ya kuhubiri.

"Afisa wetu, pole na kazi. Tuna watu zaidi ya mia mbili hapa, mchele haujanunuliwa, na akaunti imefungwa kwa sababu ya kichekesho cha Bi. Mazoya. Tunaaibika. Tusaidie mama."

"Nafungua sasa hivi, mzee wangu. Poleni sana."

"Asante. Ukishafungua itakuwa wazi moja kwa moja? Hata kwa shughuli nyingine, baada ya maziko?"

"Itakuwa wazi."

"Mungu akubariki."

Nilikata simu, na mkono wangu ukabaki kwenye ufunguo. Laiti ningeweza kusema niliona jambo. Sikuona kitu. Kilichonizuia ni aibu tu. Mzee Kasanda aliniletea sega la asali siku nilipoajiriwa, na mimi namtumia mkewe rambirambi kwa kugeuza ufunguo? Ningesikia mtu mwingine kafanya hivyo ningemsema mwezi mzima. Nikatoa ufunguo, nikafunga khanga kiunoni juu ya sare ya benki, nikawasha pikipiki ya umeme.

*

Msiba ulikuwa nje kidogo ya mji, mahali ambapo msitu wa miombo unaanza. Turubai lilikuwa limejaa wanaume. Wanawake walikuwa nyuma ya nyumba, mafiga yamewashwa na masufuria yanachemsha maji matupu, kwa sababu mchele ulikuwa unanisubiri mimi. Walinitazama kama mtu anavyomtazama konda aliyekaa na chenji yake.

Kaburi lilikuwa limechimbwa tayari, pembeni ya shamba. Ndani ya kaburi, juu ya kiti cha plastiki, alikaa Bi. Mazoya. Alikuwa amevaa koti la Kasanda la kahawia na kofia yake ya wavu ya kurinia asali. Ni mama wa Kigogo aliyehamia hapa na mapipa yake ya mvinyo wa zabibu kabla mimi sijazaliwa, na nusu ya mji huu imepata kutukanwa naye kwa mapenzi.

"Nani huyo?" aliita, akivuta kamasi kabla ya kila sentensi, vilevile alivyofanya mzee. Nywele zilinisimama. Sauti ilikuwa yake kabisa, na nikamwonea Msikizi huruma kidogo. "Ni mke wangu, au wadai?"

"Shikamoo Bi. Mazoya."

"Mazoya yuko Dodoma amelewa. Mimi ni Kasanda. Marahaba. Umeniletea ng'ombe wangu?"

"Benki imekataa. Inasema umekufa."

"Benki yenu ndiyo iliyokufa! Mimi nimejinyoosha tu mgongo." Wachimba kaburi walianguka kwa kicheko. "Na hicho kichwa chako, mjukuu, kimebonyea hivyo kwa mawazo ya ofisini, au ni mzigo aliobeba babu yako mpaka pwani?"

"Afadhali kilichobonyea kwa mzigo kuliko kilichobabuka juani kwa kuangalia kama mvua inakuja."

Alipiga paja kwa furaha. Nami nilifurahi, kwa sababu siku hizi watu wengi hawajui kujibu, wananuna au wanacheka tu. Nikaenda ndani nikiwa na uhakika wangu wote. Mashine haijui utani, nilijisemea, na hofu iliyosikia ni kelele za huyu bibi.

Mama Nyamizi alikuwa amekaa kwenye godoro sakafuni, khanga kichwani, wanawake wamemzunguka. Nilimpa mkono, nikampa pole, nikanyoosha miguu mkekani na kukaa. Msibani hakuna anayeanza na shughuli. Unakaa. Mtu anapumua, mwingine anasema "ndiyo dunia", mwingine anaitika. Nilikaa hivyo muda mrefu, na kadiri nilivyokaa ndivyo nilivyoanza kuona. Kila kikohozi cha mwanaume nje ya dirisha kilimfanya mama ashike ushanga wake na kuufunika kwa kiganja.

Kisha Mihayo akasimama mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata.

"Afisa umekuja mwenyewe! Hii ndiyo benki sasa, si zile mashine. Shemeji, mwambie afisa afungue, watu wana njaa."

"Fungua, mwanangu," alisema Mama Nyamizi. Alikuwa akitazama viatu vya Mihayo.

"Umesikia," Mihayo akaniambia kwa upole.

Kweli nilisikia. Mteja mwenyewe kaniambia nifungue, mbele ya mashahidi, na mimi ufunguo ninao shingoni. Nikasema nakwenda kutafuta mtandao mzuri nje. Ulikuwa uongo, mtandao siku hizi upo hata shimoni.

*

Nyuma ya banda la mizinga niligusa hereni yangu, ile ya kuongelea na benki.

"Msikizi, Mihayo alimwambia mama nini?"

"Sijakuambia kwamba kuna mtu alisema kitu."

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Ufunguo wako una pande mbili, unajua. Upande mmoja unafungua akaunti. Upande wa pili unafungua sikio. Ukiugeuza, utasikia dakika zote zilizohifadhiwa. Mama Nyamizi ataarifiwa kwamba umesikia."

Huo upande wa pili sijapata kuugusa. Nilipokuwa mtoto, kabla ya sheria hii, shanga za mwanzo zilitoa kila kitu. Benki zilisikia mume na mke wakigombana zikapandisha riba, zilisikia kikohozi zikakataa bima. Mama yangu alikuwa akiingia tu nyumbani anavua ushanga, anauviringisha kwenye khanga mbili na kuuzika ndani ya debe la unga. Tuliongea kwa kunong'ona hata tukiomba chumvi. Watu walirudi kwenye shanga siku walipoamini kwamba zinasikia na kunyamaza, na imani yenyewe ni changa. Leo Afisa Mwanadamu wa Sikonge afungue sikio la mjane siku ya maziko, kesho kila debe la unga wilayani litakuwa na ushanga ndani.

Lakini kama mama yule alikuwa ametishiwa, na mimi nimebeba jibu shingoni nikaogopa kugeuza mkono? Nilishika ufunguo mpaka ukapata joto. Niliona nikigeuza nitamsaidia mtu mmoja, nisipogeuza nitawalinda wengi, na kwamba huyo mmoja ndiye aliyekuwa amekaa kwenye godoro. Nilitamani mtu mzima aje aniamulie. Hakuja mtu.

Nikarudi kaburini. Wachimbaji walikuwa wamekwenda kunywa maji. Bi. Mazoya alikuwa amevua kofia na anajipepea nayo, na bila ile sauti ya kuazima alionekana mzee na aliyechoka.

"Bibi," nikasema, nikichuchumaa ukingoni, "utani pembeni. Asubuhi kulitokea nini?"

"Nilikuwa uani nacheza. Nikamwona Mihayo kainama sikioni kwa mke wa mtani wangu. Maneno sikuyasikia. Niliona mikono ya mama tu, ilivyokuwa inasokota khanga. Nikapiga kelele kwa sauti ya Kasanda nikaagiza ng'ombe, ili yule bwana ashtuke atoke pale. Akaruka kama kakanyaga siafu."

"Na humu umekaa kwa nini? Jua lote hili."

"Unadhani napenda udongo?" Alishusha sauti. "Mimi nikitoka, wanazika. Wakizika, ukoo unaingia ndani na mama, mlango unafungwa. Nikikaa hapa hawazikwi watu, hawafungwi watu."

"Si ungesema! Wewe ni mtani, unaruhusiwa kusema lolote mbele ya yeyote."

"Ndiyo, na nikisema watacheka." Alicheka mwenyewe, kicheko kikavu. "Hakuna anayemkataza mtani kusema, mjukuu. Wala hakuna anayemwamini."

Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa kaburini. Nikamwambia aendelee kukaa, asitoke hata akipewa ng'ombe wote wa Ugogo na Unyamwezi.

*

Nilipoingia ndani tena nilitumia cheo changu kwa mara ya kwanza bila kukionea haya. Nilisema kwa sauti ya ofisini kwamba sheria inamtaka Afisa Mwanadamu azungumze na mjane faragha. Sheria haisemi hivyo hasa, lakini haikatazi. Wanawake wakatoka. Mihayo alitaka kubaki, shangazi mmoja mnene akamwambia, "Baba, hiki ni chumba cha wanawake," na akamsukuma nje kwa tumbo.

Nikavua ushanga wangu na hereni. Nikanyoosha mkono, na Mama Nyamizi akaelewa, akavua wake. Niliviweka vyote ndani ya mto, nikaukalia.

"Sasa hakuna anayesikia, mama. Hata benki. Mimi tu."

Alilia kwanza, na nikamwacha alie. Kisha akasema. Mihayo alimwambia kwamba maziko yakiisha, mbele ya ukoo, atamke kumkabidhi yeye akaunti na msitu. Asipotamka, atarudishwa kwao Urambo na begi lake moja kama alivyokuja, kwa kuwa hakumzalia Kasanda mtoto.

"Na wewe ulimwambiaje?"

"Sikumjibu kitu." Alifuta uso kwa upindo wa khanga. "Niliinama tu, mwanangu. Mume wangu hajazikwa na mimi nimekwishakosa mdomo. Miaka yote alikuwa anasema yeye, mimi kazi yangu kukubali."

"Unataka nini, mama? Wewe."

Ni swali ambalo mashine yetu huliuliza mara elfu kwa siku, na huwa haupiti hata mpigo mmoja wa moyo kabla mtu hajajibu. Mama Nyamizi alikaa nalo. Alikunja upindo, akaukunjua.

"Nataka nimzike mume wangu," alisema mwisho. "Halafu nilale. Nikiamka ndiyo nitajua ninachotaka."

"Basi akaunti inabaki imefungwa mpaka uje kwa miguu yako kunieleza."

"Na chakula? Watu wamekuja kutoka Ipole, wametoka Tabora. Watalala njaa kwenye msiba wa Kasanda?"

Hapo alinibana. Ufunguo wangu hauna nusu. Ukifungua mchele, umefungua na msitu. Nikatoka uani, nikamkuta Mihayo ameshika kiuno mbele ya kaburi, anamwomba Bi. Mazoya atoke, na watu wamejikusanya.

"Benki imegoma kabisa," nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, nikimtazama bibi. "Hakuna senti itakayotoka leo. Mzee Kasanda, itabidi utafute mlipaji mwingine."

Mwanga ulimwingia usoni taratibu. Akavaa kofia ya wavu. Akavuta kamasi.

"Mdogo wangu Mihayo!" sauti ya Kasanda ililia kutoka ardhini. "Uko wapi, mpenzi wangu wa tumbo moja? Mimi nalala kwenye baridi na wageni wangu wananusa maji ya moto! Nani alikupa mizinga yako ya kwanza? Nani alikulipia mahari, mara mbili, maana ya kwanza uliila?"

Umati ulilipuka. Mihayo alijaribu kutabasamu.

"Mchele!" marehemu akaendelea. "Nataka mchele wa Mihayo, na nyama ya Mihayo. Sitoki, sizikwi, na usiku nitakuja kulala chumbani kwako, tena upande wa ukutani!"

Sasa mtu afanye nini? Ukimkasirikia mtani umejitia aibu mbele ya makabila yote mawili. Ukiondoka, utasimuliwa mpaka wajukuu. Wazee walikuwa wanafuta machozi ya kicheko na kusubiri. Mihayo alisimama pale na shati lake jeupe, kisha polepole akainua mkono wake wenye ushanga na kutamka agizo, kwa sauti yake mwenyewe nzuri. Ulipofika mzigo wa mchele, ulifuatana na ng'ombe mmoja. Bi. Mazoya alimkagua ng'ombe kutoka shimoni, akasema amekonda kama Mgogo, akakubali kutoka.

Tulimzika Mzee Kasanda alasiri, kwa nyimbo. Tulikula tukashiba. Ukoo haukufunga mlango jioni ile, maana shangazi mnene na wenzake walikuwa wametandika mikeka chumba kizima wakamzunguka mjane, na Bi. Mazoya alilala kizingitini akikoroma kwa sauti yake mwenyewe. Nilirudi mjini nikiwa nimeridhika sana, na harufu ya pilau kwenye sare.

*

Walipoanua tanga, Mama Nyamizi alikuja benki. Alikuja kwa miguu, kama tulivyokubaliana, viatu vimejaa vumbi. Nilimkaribisha chai. Hakuigusa.

"Nimekuja nimpe shemeji ile kauli," alisema.

Nilisukuma kikombe changu pembeni. "Ndivyo unavyotaka, mama?"

"Ndivyo ilivyo. Amepeleka jambo kwenye baraza la kata. Amesema aliniuliza siku ya maziko na mimi nikanyamaza, na kunyamaza ni kukubali. Kesho nitaulizwa kama ni kweli. Siwezi kudanganya mbele ya watu, Kalunde. Nilinyamaza."

Nikataka kumwambia kunyamaza kwa woga si kukubali, na wazee wa baraza watalijua hilo. Lakini nawajua wazee wa baraza. Alikuwa ameshanyoosha mkono wenye ushanga mezani, kwa utulivu wa mtu aliyekwenda kung'olewa jino.

Kisha akageuza uso kwenye kile kitundu ukutani ambako sauti ya Msikizi hutokea.

"Wewe," alimwambia. "Siku ile ulikuwa unanisikia?"

"Nilikusikia, mama. Pole kwa msiba. Sikupata nafasi ya kukupa pole."

"Asante. Na hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia Afisa neno moja tu. Mengine hukuniruhusu."

Mama Nyamizi alinitazama. Nikatikisa kichwa: sikusikia kitu, ufunguo sikuugeuza. Alizungusha ushanga kwenye kifundo cha mkono.

"Nimeruhusu," alisema. "Nitoe aibu yangu mwenyewe, isitolewe na wengine. Na huyu mwanangu asikie."

Chumba kilijaa sauti za uani kwake asubuhi ile. Kuku, sufuria, vicheko, Bi. Mazoya kwa mbali akilalamikia uji. Halafu karibu sana, karibu mpaka nikarudi nyuma kwenye kiti, sauti ya Mihayo ikinong'ona kuhusu ukoo, na akaunti, na begi moja, na Urambo. Ilimaliza. Ikauliza, "Tumeelewana, shemeji?" Mama Nyamizi alifumba macho akisubiri ule ukimya wake.

Haukuja. Chini ya kelele zote ilisikika sauti nyembamba, iliyokauka, ambayo hakuna sikio la mtu lililoweza kuipata pale uani, hata la aliyeitoa.

"Sitaki, shemeji."

Sekunde moja baadaye marehemu Kasanda akaanza kudai ng'ombe wake, na Msikizi akanyamaza.

Mama Nyamizi alifumbua macho. Aligusa koo lake kwa vidole viwili, kama anayetafuta mahali ile sauti ilipotokea.

"Kumbe nilisema," alisema.

Mimi nilikuwa nalia. Alivuta kikombe cha chai karibu, akakaa vizuri kwenye kiti.

"Hebu rudia," akamwambia Msikizi. "Hapo mwisho tu."